Kichwa cha Kabatini

11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, na sanduku pia, ila mpini wake umekatika. Bweni ni chumba cha watu wawili. Mwenzangu anaitwa Redio, na ukikaa naye dakika tano huulizi kwa nini.

Jana tuligawiwa vichwa vya mazoezi: kichwa cha mpira na shingo yake, unakibana kwenye ukingo wa meza, nywele zimeshapandikizwa. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni na vipya vikaniishia. Madamu, mwalimu wetu wa rangi, alikwenda mwenyewe kabatini akanitolea cha zamani. Ngozi yake si mpira. Ni kitambaa kigumu chenye wavu, na nywele ni za binadamu kweli, zinafika mabegani. Madamu alinikabidhi kwa mikono miwili. "Hiki hakijawahi kuja mtihanini kikapata chini ya tisini," alisema. Redio akaninong'oneza, "Tubadilishane basi. Huyu wangu ana macho ya samaki aliyelala sokoni siku tatu."

Wiki ijayo tunakata na kupaka rangi. Nimechagua mahogani, na rangi itakayobaki nitajipaka mimi siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ni kukitunza kichwa hicho hicho hadi tarehe 20 Juni, siku ya mtihani. Watakiweka dirishani kwenye mwanga na kutazama kama rangi bado inang'aa. Wanafunzi wa mwaka jana wanasema ifikapo Aprili nywele nyingi huwa kama ufagio.

Barua ya manispaa sijaisahau. Bila mwenye cheti, mwisho wa Juni wanafunga chumba chako cha rangi. Nifundishe mng'ao, Shangazi. Sitaki chumba kile kifungwe kwa sababu yangu.

Kimya wako

---

19 Februari

Kimya,

Marahaba. Mpini wa sanduku ulikuwa umekatika tangu baba yako akiwa kijana, usijilaumu.

Sasa sikiliza. Unywele una magamba, kama vigae vya paa. Rangi ikiingia inayainua, na paa lililoinuka haling'ai, linavuja. Mng'ao ni magamba yaliyolala, basi, hakuna uchawi. Kwa hiyo ukishapaka, usioshe siku tatu. Maji yawe vuguvugu, ya mwisho yawe ya baridi. Tumia shampuu isiyo na povu jingi, maana lile povu la kufulia mashuka ndilo linalobeba rangi na kuondoka nayo. Shampuu iishie kichwani, kondishena iishie kwenye ncha. Mara moja kwa wiki paka dawa nzito, funika kwa mfuko, kaa nayo nusu saa. Mara moja moja suuzia siki, kijiko kimoja kwa kikombe kizima cha maji, magamba yalale. Pasi ya nywele na draya viogope kama mkwe. Na usiache kichwa kwenye jua la dirisha, rangi inaliwa.

Mama Mapacha yuko kitini hapa ananisomea begani. Anasema na yeye nimwandikie barua, labda ataacha kuoshea sabuni ya vyombo.

Jambo moja. Utakapokata, pale mbele juu ya paji usikate zikiwa mbichi. Zikiwa na maji hurefuka, zikikauka huruka juu kama chemchemi. Kata kavu.

Na umesema Madamu kakitoa kichwa hicho kwenye lile kabati la chini ya ngazi?

Shangazi yako

---

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, nilikuwa nimeshakata. Imetoka vizuri.

Mengine yote nimefuata kama ulivyoandika. Siku tatu nilizihesabu. Maji nayapima kwa kifundo cha mkono, kama ya kumwogeshea mtoto. Sasa wenzangu wanakuja mezani kwangu kuangalia. Ukisimama upande wa kulia wa kichwa unaona dirisha zima ndani ya nywele, na fremu yake. Madamu alipitisha chanuo mara moja tu, akalirudisha mezani, akaenda zake.

Zangu mwenyewe hazijakubali. Ni rangi ile ile, siku ile ile, shampuu ile ile, hata sinki ni moja, lakini zimekauka na hazina nuru. Redio anasema kichwa changu kimenuna. Labda ni maji ya bweni.

Shangazi, sikuandika kwamba kabati liko chini ya ngazi. Ulijuaje?

Kimya

---

22 Machi

Kimya,

Kila chuo kina kabati chini ya ngazi. Wangeliweka wapi, juu ya paa?

Nafurahi kusikia habari za mng'ao, ila usivimbe kichwa. Nywele za kichwa cha mazoezi zimekufa. Hazina mzizi wa kuzilisha wala mafuta yake zenyewe. Mng'ao wake ni wa kupakwa, na wiki ya saba au ya nane hufifia hata ungeziosha kwa maziwa. Ukififia usilie. Zidisha dawa nzito, punguza kuosha.

Ninaowaza mimi ni zako wewe. Zifunge kitambaa cha satini ukilala, na ncha punguza kidogo, robo ya kidole. Unakula? Nywele za msichana wa miaka ishirini na mbili hazinuni hivi hivi.

Vidole vyangu wiki hii havishiki chanuo vizuri. Mama Mapacha anasema nisuke kwa meno.

Shangazi yako

---

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki ya nane na mng'ao haujafifia.

Kuna jambo ambalo sijui niliandikeje, kwa hiyo naliandika kama lilivyo. Kwenye mizizi ya kile kichwa kuna mstari mweusi. Mwanzo nilidhani ni kivuli cha wavu. Nimeweka rula: sentimita mbili kasoro kidogo. Redio aliuona na kucheka. "Wewe ulipaka rangi au ulipiga chapa?" Madamu aliuona pia, akasema niguse mizizi, niipake rangi tena, kama ambavyo ningemgusia mteja aliyerudi baada ya wiki nane. Alisema "mteja aliyerudi", Shangazi, wala hakutabasamu.

Jambo la pili. Ninakiosha Jumatatu. Ikifika Alhamisi mizizi imeanza kuwa na mafuta. Siyo niliyopaka mimi, kwa sababu huko juu sipaki kitu. Nimefuta kwa karatasi nyeupe na karatasi ikawa na doa linalopitisha mwanga. Nimeificha ndani ya daftari.

La tatu huenda ni dogo. Mbele, upande wa kushoto, kumetokea mvi mbili. Nilidhani nyuzi. Nikazivuta, zikagoma.

Zangu zimebaki vile vile. Redio ananionea wivu, maana yeye ameshagusa mizizi ya nywele zake mara mbili na mimi sina hata alama nyeusi. Ila zinakatika. Asubuhi chanuo linajaa.

Kimya

---

25 Aprili

Kimya,

Kosa la mwanafunzi hilo, wala lisikutishe. Uliogopa kuchafua ngozi ukaacha mizizi bila rangi, na kadiri ncha zinavyong'aa ndivyo ulivyoanza kuona weusi wa mizizi. Changanya rangi kidogo, paka mizizi tu, usiivute hadi kwenye ncha maana zile zimeshashiba. Mafuta ni ya vidole vyako.

Hayo juu niliyaandika jana. Leo nimefungua duka, nimekaa kwenye kiti cha wateja, nimesoma barua yako tena pale uliposema mvi.

Angalia nyuma ya sikio la kushoto la kile kichwa. Kama kuna alama ya kuungua kwa pasi ya nywele, imejikunja kama kucha ya kidole gumba, niambie. Na niambie ukweli mwingine: pale mbele, ulikata zikiwa mbichi? Na baada ya kukata, ulifanya nini?

Usinifiche. Mimi ndiye niliyekufundisha kuficha, kwa hiyo nitajua.

Shangazi yako

---

3 Mei

Shangazi,

Alama ipo. Kama kucha ya kidole gumba.

Nilikata zikiwa mbichi. Nilipima mara tatu, nikachana zikalala hadi kwenye nyusi, nikakata taratibu kuliko wote darasani. Zilipokauka ziliruka hadi katikati ya paji, pengo la vidole viwili. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kula. Mwanafunzi anayeharibu kichwa hapewi kingine, huo ndio mwisho wa muhula wake.

Siku hiyo nilikuwa nimeshajipaka ile rangi. Kwenye chanuo langu zilikuwepo nywele zilizong'oka, ndefu, rangi ile ile kabisa. Nilizikusanya kwa vishungi vidogo, nikazipitisha kwenye wavu kwa ndoano ya kusukia, na kila kishungi nikakifunga kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la sketi yangu ya bluu. Vilikuwa vishungi ishirini na tatu. Nilipomaliza hata mimi sikuona pengo lilikuwa wapi. Nilijisifu, Shangazi. Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha zaidi.

Umejuaje? Na alama ya pasi umeijuaje?

Kimya

---

10 Mei

Mwanangu,

Niliiunguza mimi.

Nyumbani wote wanajua nilijifunza kazi kwa kutazama. Baba yako mwenyewe anajua hivyo. Nilisoma hapo miezi minne, nikiwa na miaka ishirini na moja. Kichwa changu kilitoka kwenye kabati la chini ya ngazi, na mwalimu wa wakati huo alinikabidhi kwa mikono miwili. Nikakata mbele zikiwa mbichi. Nikaziba kwa nywele zangu, kwa uzi mweusi nilioukunja mara mbili. Wiki tatu baadaye kilikuwa kinang'aa kuliko vyote.

Unadhani nafunga kilemba kwa sababu ya umri. Kimya, miaka thelathini na minane imepita na nywele zangu hazijaota hata upana wa punje. Nina zile zile za siku ile, na kila mwaka zinakatika kidogo. Nimebakiwa na vidole viwili vya kitu kama katani. Mvi sijawahi kuziona kichwani kwangu. Nilikuwa nikijiuliza nikizeeka zitatokea wapi.

Sasa umeniambia.

Niliondoka wiki mbili kabla ya mtihani. Niliamka nikaona kichwa kile kimejaa nikaogopa, nikakirudisha kabatini kama kilivyo, nikapanda basi. Ndilo kosa langu. Nilikimbia badala ya kukata. Wewe usikimbie. Chukua mashine, kinyoe chote hadi kwenye kitambaa, fumua mafundo yako, kisha uje nyumbani.

Mtihani uache.

Shangazi yako

---

24 Mei

Shangazi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kiasi kwamba imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nimejaribu kufumua bila kunyoa. Nywele zimejaa sana, siyaoni mafundo. Nikiingiza vidole hadi kwenye kitambaa nakuta joto. Si joto kali. Ni kama la kofia aliyovua mtu sasa hivi.

Lakini zimebaki siku ishirini na saba. Nikikinyoa leo napata sifuri na wewe unafungiwa chumba. Vidole vyako haviwezi tena kusuka siku nzima, hilo najua hata kama unalifanyia mzaha. Bila rangi utakula nini? Nikipata cheti nitakinyoa jioni ile ile ya mtihani. Nimeshapanga. Mashine ninayo.

Nikuambie na la aibu: ninapenda kukitazama. Zangu zimekuwa chache, kitana kinaona ngozi kabla ya nywele. Halafu naingia darasani asubuhi na zile pale, zinang'aa kama zimetoka mvuani, na moyo wangu unatulia. Najua ni zangu. Labda ndiyo sababu.

Mvi sasa ni kumi na moja.

Kimya

---

2 Juni

Kimya,

Jioni ya mtihani hutakuwa nacho. Saa ile ile wakishaweka alama, kichwa kinarudi kabatini na ufunguo unaondoka na mwalimu. Walinisimulia wa mwaka uliotangulia. Ndiyo maana hakijawahi kupata chini ya tisini, kwa sababu kila aliyekuwa nacho alisema atakata baadaye.

Habari ya chumba cha rangi niachie mimi. Ni ukuta, sinki moja na kioo chenye ufa. Nitaosha vichwa, nitafunga vitambaa, nitauza chanuo mlangoni, sijui. Nimekula kabla ya chumba kile na nitakula baada yake. Lakini wewe huwezi kuniletea cheti hicho halafu ukae mbele yangu miaka arobaini umefunga kilemba, tunatazamana.

Mimi nimeshazoea. Usikate kwa ajili yangu, kata kwa ajili yako.

Mama Mapacha ameuliza kwa nini sicheki wiki hii. Nimemwambia nimeishiwa.

Shangazi yako

---

Ijumaa, 20 Juni, saa sita mchana

Kimya,

Naandika bila kujua kama barua hii itakukuta.

Saa nne na nusu nilikuwa namsuka Mama Mapacha. Nimefika nusu ya kichwa, ghafla changu kikaanza kuwasha. Siyo muwasho wa jasho. Kilikuwa kama kimemwagiwa mchanga na mchanga unatembea. Nikadondosha chanuo. "Una nini, dada?" akaniuliza. Nikavua kilemba mbele ya mteja, kitu ambacho sijafanya tangu nifungue duka.

Mama Mapacha alisimama akaniinamisha kichwa kwenye mwanga. Kisha akasema polepole, "Vinywele vinachomoza. Dada, kichwa kizima vinachomoza. Vyeupe pe."

Nimejigusa kwa kiganja. Vinachoma kama ndevu za babu yako siku ya pili baada ya kunyoa. Mama Mapacha amekwenda kwao na nusu ya kichwa, amekataa nimalizie.

Kama ni wewe umefanya, panda basi la kwanza. Kama si wewe, basi kuna mtu mwingine amekishika kichwa kile leo, na hapo naogopa zaidi kuliko siku zote hizi.

Nijibu upesi.

Shangazi yako

---

20 Juni, jioni

Shangazi,

Nimepata sifuri. Nianze na hilo ili lisikusumbue ukisoma mengine.

Sikwenda pale kukinyoa. Nataka ujue hivyo, usinione shujaa. Asubuhi nilikiosha kwa mara ya mwisho, nikasuuza kwa siki na maji ya baridi, nikakibana kwenye meza ya dirishani. Kiling'aa hadi Redio akaacha kuongea. Wasahihishaji walikuwa wawili, na Madamu wa tatu. Mmoja alikizunguka taratibu, akaniambia, "Kazi nzuri sana, binti. Hizi mvi tu. Changanya rangi uzifunike, halafu tuandike alama."

Nikachanganya. Nikainua brashi. Zilikuwa kama thelathini sasa, zote mbele upande wa kushoto, na katika mwanga ule ndizo zilizong'aa kuliko zote. Nikawaza kwamba hizi ni za miaka uliyokaa peke yako, na mimi naambiwa nizipake mahogani ili nifaulu. Mkono ulikataa. Niliweka brashi chini, nikachukua mashine kwenye mfuko wa aproni, nikaanzia shingoni.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu. Hakuna aliyenizuia, labda walidhani ni sehemu ya mtihani. Zilianguka nzito, kwa mafungu, mezani na juu ya viatu vyangu. Hazikunuka rangi. Zilinuka kichwa cha mtu.

Chini kukabaki kitambaa kitupu, na pale mbele, Shangazi, nikaona mafundo. Ya bluu ishirini na matatu, yangu. Pembeni yake ya uzi mweusi uliokunjwa mara mbili. Lakini hayakuishia hapo. Kulikuwa na ya uzi mwekundu, ya uzi wa kijani, ya uzi wa kahawia, ya uzi wa gunia, ya uzi mwembamba kama wa kushonea vifungo, yamebanana safu kwa safu kwenye pengo lile lile la vidole viwili. Nilihesabu aina tisa. Wote tulikuwa makini, wote tulipima zikiwa mbichi.

Nilifumua yote. Ilinichukua saa nzima kwa pini, wasahihishaji wakaendelea na meza nyingine. Nyuzi nilizipanga kwenye kitambaa cheupe, kila aina peke yake. Sijui wengine wako wapi. Sijui kama leo wamejigusa vichwa.

Darasa lilipobaki tupu Madamu alirudi na karatasi ya alama. Kisha akainama juu ya kile kitambaa, akachagua nyuzi za kijani, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja, akazikunja kwenye kiganja. Mkono wake mwingine ulikuwa unakuna chini ya nywele zake, kumbe ni wigi, taratibu, kama mtu asiyejijua.

Akaandika sifuri mbele ya jina langu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida.

"Mimi nilipata tisini na sita," akasema, akatoka na nyuzi zake.

Kimya